Kumwokoa nzi wa Pgd kwa kuivunja Zw: mwongozo wa benchi

Kila muhula wanafunzi wanaoanza kazi za nzi wa matunda wananijia na maswali yaleyale. Inakuwaje mutesheni moja iue, halafu ukiongeza ya pili nzi aishi? Nitawahesabuje nzi waliokufa kabla sijawaona? Na mbona madume wangu wa njano wamejitokeza wakati kitabu kinasema watakufa? Nimeyajibu mara nyingi, mengine saa nne za usiku kwenye simu, kwa hiyo sasa nayaandika yote pamoja. Ukifuata hatua hizi utafika. Ukiruka ya nane, hutakuwa umethibitisha chochote.

Nadharia, kwa kiasi cha kukuvusha tu

Jeni ya Zw hutengeneza kimeng'enya cha G6PD, mlinzi wa mlango wa njia ya pentosi, njia ya pembeni ya kutumia sukari ndani ya seli. Huichukua glukosi-6-fosfeti, na baada ya hatua fupi inapatikana 6-fosfoglukoneti. Hiyo nayo hupokewa na kimeng'enya kinachofuata, 6PGD, ambacho jeni yake ni Pgd. Pgd ikiharibika kabisa, 6-fosfoglukoneti inakosa pa kwenda. Inarundikana ndani ya seli hadi inakibana kimeng'enya kingine, fosfoglukosi isomerasi, kilichopo kwenye njia kuu ya kuvunja sukari. Nzi hafikii utu uzima.

Karo la jikoni likiziba, kabla ya kushika tambara unafunga bomba. Zw ndiyo bomba. Ukiivunja na yenyewe, 6-fosfoglukoneti haitengenezwi, rundo halipo, na nzi mwenye kasoro zote mbili anaishi. NADPH (kibeba elektroni ambacho seli inakihitaji) aliyoikosa kwenye njia hii anaipata kwa vimeng'enya vingine, kama kimeng'enya cha maliki na isositreti dehidrojenesi. Jambo hili lilionyeshwa katikati ya miaka ya 1970 na vikundi viwili: cha Gvozdev kule Moscow, na cha Hughes na Lucchesi huko North Carolina, Marekani.

Jina Zw, kwa wanaouliza, limetoka kwenye neno la Kijerumani Zwischenferment, yaani kimeng'enya cha kati, jina la G6PD enzi za Otto Warburg. Na ndiyo, ni G6PD ileile ambayo upungufu wake kwa binadamu unajulikana sana pwani yetu, ile daktari anayotaka kuipima kabla ya kukupa primakwini, dawa ya malaria. Kwa binadamu kama kwa nzi, jeni yake iko kwenye kromosomu X.

Andaa hivi kwanza

Koo nne za nzi:

- Ukoo wa kwanza: majike wenye *y Pgd⁻* juu ya balansa FM7. Alama ⁻ maana yake jeni imevunjwa, na balansa ni kromosomu X iliyogeuzwa-geuzwa ili isibadilishane vipande na mwenzake. Alama ya *y* inampa nzi mwili wa njano, na iko jirani kabisa na Pgd: *y* kwenye 0.0 ya ramani ya kromosomu X, Pgd kwenye 0.6 hivi.
- Ukoo wa pili: *car Zw⁻*. Alama ya *car* inafanya macho yawe mekundu yaliyoiva, ya kizito. Iko kwenye 62.5, na Zw iko hatua chache tu mbele yake.
- Ukoo wa tatu: *car* peke yake, Zw ikiwa nzima. Huu ndio wanafunzi wanausahau, na bila huu usianze.
- Nzi wa kawaida wa maabara, wenye macho mekundu na mwili wa kahawia.

Koo za aina hii huagizwa kwenye vituo vya kuhifadhi nzi kama Bloomington, jimbo la Indiana, na maelezo ya kila mutesheni yapo kwenye hazina ya FlyBase. Soma jina zima la ukoo, herufi kwa herufi. Huenda Pgd⁻ yako imewekewa alama nyingine badala ya *y*. Ikiwa ni *w* au *pn*, soma sehemu ya matatizo kwanza. Kibali cha kuingiza nzi nchini kiulizie mapema chuoni kwako. Hakipatikani kwa siku moja.

Vyombo: hadubini ya kutazamia vitu vizima, gesi ya kaboni dioksidi au etha ya kuwalaza nzi, brashi laini ya kuchorea, vichupa vya chakula na pamba, na kabati au chumba cha 25°C. Hili la joto nalisisitiza kwa walio Dar es Salaam, Mombasa na kwingine kwenye joto. Chumba kikikaa 30°C, madume wanakuwa tasa, na utabaki ukiilaumu Pgd kwa vichupa visivyo na mabuu. Umeme ukikatika, sanduku la kubebea samaki lenye chupa mbili za maji ya baridi litakusogeza hadi asubuhi.

Chakula cha lita moja: maji, agari gramu 8 hadi 10, unga wa mahindi gramu 60 hadi 70, hamira kavu gramu 15 hadi 20, na sukari guru au molasi gramu 70 hivi. Chemsha ukikoroga kama unapika uji, kisha uache upoe hadi karibu 60°C ndipo utie dawa za kuzuia ukungu: nipajini gramu 1 iliyoyeyushwa kwenye ethanoli, na asidi ya propioniki mililita 4. Ukizitia uji ukiwa bado unatokota, zinaruka na mvuke, na wiki ijayo una shamba la ukungu.

Hatua kwa hatua

1. Ukague ukoo wa Pgd⁻ kabla ya kufanya chochote. Mwage nzi mia moja na utenge madume. Wote wawe na macho membamba kama mstari, maana wote wanabeba FM7, ambayo ina alama ya Bar. Dume wa njano mwenye macho ya duara asiwepo. Ukimwona hata mmoja, simama: ama Pgd⁻ yako ni dhaifu, ama kuna kipande cha ziada cha kromosomu kinachomwokoa, ama vichupa vimechanganyika. Hatua hii inachukua nusu saa. Mimi niliwahi kuiruka, ikanigharimu wiki sita.

2. Kusanya majike bikira wa ukoo wa kwanza. Kwenye 25°C, safisha kichupa asubuhi kwa kuwatoa nzi wote, kisha ndani ya saa 8 kusanya majike waliotoka. Jike mchanga kabisa ni mweupe-mweupe, na tumboni ana doa jeusi linaloonekana kwa nje. Dume utamjua kwa ncha ya tumbo nyeusi ya mviringo na vitana vyeusi kwenye miguu ya mbele. Chukua majike wenye macho ya umbo la figo. Hao ndio *y Pgd⁻*/FM7. Usisumbuliwe na rangi ya mwili hapa, kwa kuwa FM7 nayo hubeba aina ya *y*.

3. Wape madume wa *car Zw⁻*. Majike watano na madume watano kwa kichupa. Madume hawa wana afya nzuri. Kukosa G6PD peke yake hakuui nzi kwenye chakula cha kawaida.

4. Chagua mabinti wa kizazi cha kwanza. Siku ya kumi wataanza kutoka. Utaona mabinti wa aina mbili: wenye macho ya figo (hao walirithi FM7, waache) na wenye macho ya duara, mekundu ya kawaida, mwili wa kahawia. Hawa wa pili ndio unaowataka. X moja ina *y Pgd⁻*, ya pili ina *car Zw⁻*. Wana wa kiume utakaowaona wote watakuwa wa FM7, kwa sababu nusu nyingine, wale wa *y Pgd⁻*, wamekwisha kufa. Andika idadi hiyo kwenye daftari, itakufaa.

5. Wape mabinti hao madume wa kawaida. Watumie wakiwa bikira. Ikitokea mmoja amewahiwa na kaka yake wa FM7, usilie: wana wa kiume hupata X kutoka kwa mama pekee, kwa hiyo hesabu ya madume haiharibiki. Kinachoharibu ni Y. Kuna koo za Pgd⁻ ambazo madume wake wanaishi kwa sababu Y yao imebandikwa kipande cha X chenye Pgd nzima. Baba wa hatua hii asitoke kwenye ukoo wa namna hiyo kabisa, maana atawagawia wanawe wote uhai wa bandia.

6. Usiwasonge. Majike watano kwa kichupa, uwahamishe kichupa kipya kila baada ya siku tatu. Mabuu wakijazana, wanaokufa kwanza ni wenye mutesheni, na hapo utashindwa kujua aliyeuliwa na jeni na aliyeuliwa na njaa.

7. Hesabu madume wote, kila siku, kuanzia siku ya 10 hadi ya 18. Usiache mapema, kwa sababu wenye mutesheni mara nyingi huchelewa kutoka. Usizidishe siku pia, kwa sababu wajukuu watajichanganya na hesabu. Hesabu na mabinti. Wao ndio kipimo chako cha idadi ya mayai, kwa kuwa hakuna binti anayekufa kwenye jaribio hili. Lenga madume 200 au zaidi.

Tazama sasa unachotegemea. Pgd na Zw ziko karibu na ncha mbili za X, kwa hiyo mama anapotengeneza mayai, kromosomu zake zinabadilishana vipande kati ya jeni hizo karibu nusu ya mara. Kama mabinti ni 100, wana wa kiume waliotungwa nao ni kama 100, na wanagawanyika takriban hivi:

- macho ya *car*, mwili wa kahawia: kama 27, hai;
- wa kawaida kabisa: kama 23, hai;
- mwili wa njano na macho ya *car*: kama 23, hai, na hawa ndio habari yenyewe, wana Pgd⁻ na Zw⁻ kwa pamoja;
- mwili wa njano na macho ya kawaida: kama 27 walitungwa, sifuri wanaonekana.

Basi madume watakuwa kama robo tatu ya mabinti. Kinachokupa jibu ni kundi ambalo halipo mezani. Linganisha hesabu kwa kai-mraba, kile kipimo cha takwimu, ukitaka, lakini kama jedwali lako halina safu ya waliokosekana, kai-mraba itakudanganya kwa heshima zote.

8. Rudia hatua ya 3 hadi 7 kwa ukoo wa *car* wenye Zw nzima. Kwa nini? Kwa sababu mpaka sasa umeonyesha tu kwamba madume wa njano wenye *car* wanaishi. Mtu mkorofi, na kila kikao cha maabara kina mmoja, atakuuliza kama mwokozi si *car* yenyewe, au kitu kingine chochote upande ule wa X. Kwenye jaribio hili la ulinganisho, njano-*car* wote wanapaswa kufa, na madume wawe karibu nusu ya mabinti. Wakifa, umemjibu. Wakiishi, una tatizo la kweli, na pengine la kuvutia zaidi kuliko ulilokusudia.

9. Thibitisha kwa rangi. Saga nzi mmoja kwenye mikrolita 100 za bafa ya Tris, pH 8, juu ya barafu. Gawa kwenye vichupa vidogo vitatu. Vyote vitie bafa yenye magneziamu kidogo, NADP (ambayo kimeng'enya huigeuza kuwa NADPH), na MTT na PMS, kemikali za kutoa rangi. Cha kwanza ongeza glukosi-6-fosfeti, cha pili 6-fosfoglukoneti, cha tatu usiongeze kitu. Kimeng'enya kikiwepo, rangi ya zambarau inatokea. Nzi wa kawaida: zambarau kwenye cha kwanza na cha pili. Dume wa *car Zw⁻*: cha pili tu. Dume wa njano-*car*: hakuna. Kichupa cha tatu ndicho kinachokuonyesha rangi ya bure inayotokana na uchafu wa nzi mwenyewe, usiipuuze. PMS inaharibiwa na mwanga, ifunike kwa karatasi ya alumini. MTT vaa glavu. Ukiwa na spektrofotomita, acha rangi na usome ongezeko la NADPH kwenye nanomita 340. Ni safi zaidi.

Mambo yanapokwenda kombo

*Nimepata dume mmoja wa njano mwenye macho ya kawaida.* Kama ni mmoja kati ya mamia, tulia. Kuna njia mbili halali. Kromosomu zilibadilishana katika nafasi ndogo iliyo kati ya *y* na Pgd, kwa hiyo huyo ana njano lakini Pgd yake ni nzima. Au zilibadilishana kati ya *car* na Zw, kwa hiyo amepata Zw⁻ bila *car*. Mwoze kwanza, akishazaa msage kwa hatua ya 9, atajieleza mwenyewe. Ukiwa nao watano kati ya mia, hapo si mabadilishano tena, rudi hatua ya 1.

*Njano-*car* ni wachache kuliko 23.* Kwanza tazama msongamano na siku ulizohesabu. Kisha tazama Zw yenyewe. Zipo aina za Zw zinazobakiza utendaji kidogo, na bomba linalochuruzika bado linajaza karo, polepole. Na usichanganye Zw⁻ na majina Zw^A na Zw^B. Hizo ni aina mbili za asili zinazotofautiana kwenye jeli ya kutenganishia protini, zote zinafanya kazi, na haziokoi mtu.

*Siioni tofauti ya *car*.* Hii ndiyo shida ya kawaida kuliko zote, na wengi wanaona haya kuisema. Tazama nzi wa umri mmoja, chini ya taa nyeupe, na uweke pembeni nzi wawili wa kulinganishia, mmoja *car* na mmoja wa kawaida, kila unapohesabu. Macho yako yatachoka baada ya saa moja. Nenda kanywe chai.

*Pgd⁻ yangu ina alama ya *w*.* Macho meupe yanaficha *car*, hutaweza kumtofautisha mwenye *car* na asiye nayo. Tafuta alama ya upande wa Zw isiyohusu macho, kwa mfano *forked* inayopinda nywele, ukijua kwamba iko mbali kidogo na Zw, kwa hiyo walioponyoka watakuwa wengi zaidi.

*Pgd⁻ yangu ina alama ya *pn*.* Hapa kuna mtego mbaya. *prune* yenyewe haina madhara, lakini kuna mutesheni kwenye kromosomu ya tatu, iliyoelezwa na Sturtevant mwaka 1956, inayoitwa muuaji wa *prune*. Nakala moja tu yake inatosha kumuua kila nzi wa *pn*, na nzi asiye na *pn* haimgusi. Ikiwa imejificha kwenye ukoo wowote uliotumia, wana wako wa *pn* watakufa hata Zw ikiwa imevunjwa, nawe utaandika ripoti kwamba uokoaji haupo. Cha kuchekesha ni kwamba nayo iko kwenye jeni ya kimeng'enya, *awd*.

*Vichupani mna nzi nisiowatambua.* Maabara yenye dirisha wazi msimu wa maembe itaingiliwa. Mwenye mistari myeupe mgongoni ni Zaprionus, mfukuze. Mgumu ni melanogaster wa mtaani, kwa maana hapa Afrika ndiko kwao asili na hana sababu ya kuonekana mgeni. Weka wavu dirishani, funga pamba kwa nguvu, na kichupa chochote chenye madume wa kawaida wengi kuliko 23 kwa mabinti 100 kitilie shaka.

*Nifanye mutesheni mpya za Zw mwenyewe?* Inawezekana, na ni hila nzuri sana: kwa kuwa *y Pgd⁻* inaua kila dume, dume yeyote wa njano mwenye macho ya duara anayeponyoka baada ya kutiwa kemikali ya mutesheni ni mgombea wa Zw⁻ mpya. Nzi wenyewe wanakufanyia uchambuzi. Ila EMS, kemikali inayotumika, inaleta saratani kwa binadamu. Asiyekuwa na kabati la kuvuta hewa na msimamizi aliyeizoea asiiguse.

*Nitautunzaje ukoo wa njano-*car* niliopata?* Mwoze dume huyo kwa majike wa FM7a, aina mojawapo ya FM7. Mabinti wenye macho ya figo wape kaka zao wa FM7, halafu kizazi kinachofuata oza mabinti wa figo kwa madume wa njano-*car*. Majike wa njano-*car* wenye macho ya duara watakaotoka hapo wanaishi na kuzaa, na huhitaji balansa tena. Bandika kichupa onyo: wasiozwe na nzi wa kawaida. Binti wa ndoa hiyo atazitenganisha Pgd⁻ na Zw⁻ karibu nusu ya mara, na atakayeukuta ukoo mwakani atakuja kukuuliza kwa nini robo ya madume wake hawapo.